Sahani Uliyonitengea

Mamangu mpenzi,

Kabla hujasikia lolote, utazame kwanza mwandiko. Najua ungesema ni kuku aliyefukuzwa kwenye jivu, kama ulivyosema siku zote. Sasa nikuarifu kwamba kuku huyo amepata kazi. Kwa Bwana Habibu wa leso mimi ndiye nisomaye majina ya leso, yale maneno yaliyochapwa, kwa wanawake wasiojua kusoma, na wakiwa wacheshi nawasomea hata ya zile wasizozinunua. Bwana Habibu ana vijana wanne dukani, na mwenye kusoma ni mmoja. Sitamtaja, nisije nikaambiwa najisifu.

Wewe hungeweza kuisoma barua hii hata ungekuwapo. Ungemwita Rukia akusomee, nami ningekaa kando nikimsahihisha, naye angenitupia kiatu. Basi nakala ya kwanza nimemsomea yeye. Hakutupa kiatu. Aliinuka akaenda jikoni, na huko jikoni, Mama, hakukuwa na kazi yoyote.

Arubaini yako tumeisoma juzi. Baba alipewa ruhusa tena, akashuka kutoka Voi kwa gari la moshi, akakaa siku tatu na kurudi relini kwake. Watu walijaa mpaka ngazini, na wali haukupungua, usihofu. Lakini siandiki kukupa habari za wali. Nina jambo nililokuficha miaka minne, nikawa najisifu moyoni kwamba mtu mwerevu kama mimi hajazaliwa mtaa huu. Juzi nimejua kwamba aliyefichwa ni mimi.

Wakumbuka chuo chetu cha Kurani kilipofungwa kwa sababu ya ndui. Vita vya Wazungu vilikuwa vikiendelea, sukari haipatikani, na juu ya hayo yakaja maradhi hayo. Watu wa Bwana Afya walipita vichochoroni na ndoo za chokaa, wakitia alama nyumba zenye wagonjwa, na Maalim Shee akaambiwa awarudishe watoto makwao. Watu wazima walisoma nyiradi barazani, mimi nilirusha kofia juu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mgongo uliojua bakora kwa jina lake. Nikasema sasa nimepumzika.

Nilipumzika siku mbili. Ya tatu ukafungua chuo chako uani, mbele ya chuma cha vitumbua. Rukia, aliyekuwa na miaka saba, alikaa kulia kwako, mimi kushoto karibu na moshi. Ulimimina unga, ukageuza kwa kijiti, nasi tunasoma. Kila niliporuka aya ili nifike upesi, uligonga chuma kwa kijiti mara moja bila kuinua uso. Nilikuwa nikiruka kwa ustadi, Mama, hata Maalim nilikuwa nikimpita. Wewe sikukupita hata siku moja.

Nikakuchokoza kwamba mtu asiyeweza kuandika hata alifu ananisomeshaje. Ukageuza vitumbua vyako vyote kwanza, ndipo ukanijibu.

"Alifu siiandiki. Lakini ikipotea, naijua."

Ulikuwa umezipata sura zote kwa sikio, ukiwa mtoto, upande wa pili wa ukuta ndugu zako wa kiume wakisomeshwa. Hilo ulilitaja siku ile tu, kama mtu atajaye bei ya nazi, ukaendelea na unga wako. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo hapo kwamba mtu wa namna hiyo hafichwi kitu. Akili haikuwapo.

Baada ya miezi mitatu hivi chokaa ikaanza kufutika milangoni, na habari ikapita mtaani kwamba Maalim anafungua Jumamosi. Akasema pia kwamba siku hiyo ya kwanza atawanywesha watoto wote kombe la kinga. Wengine wasiojua wataniuliza kombe ni nini, basi nieleze, mimi si mchoyo wa elimu. Zinaandikwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, na maji yake yananywewa. Maalim Shee alikuwa na bakuli la shaba la babu yake. Kombe lilitiwa humo, na bakuli likapita kinywa kwa kinywa, tangu mkubwa hadi mdogo, kila mtu funda moja. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Mtoto aliyekunywa bakuli moja na mwenzake alikuwa nduguye wa chuo mpaka kufa.

Mtaa mzima ulifurahi. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa dirisha kwa dirisha, alikwisha kumfulia mwanawe Salimu kanzu na kuianika mahali ambapo sote tungeiona. Wewe ukasema hatuendi.

Bi Mwanaidi alisimama dirishani akakuuliza kwa upole wa asali kama umeanza kukataa baraka. Ukamjibu kwamba baraka unaitaka, na kombe unalitaka, ila watoto wako hawaendi. Akakwambia basi wapeleke wakachanjwe sipitali kama Wahindi wanavyofanya, ukitaka ulinzi wa Kizungu. Hapo ukapanda juu kwa kiburi ambacho nimekirithi bila kupungukiwa na kitu. Ukasema, na uchochoro mzima ukasikia, kwamba mkono wako haujaonwa na mwanamume asiye maharimu wako tangu uvunje ungo, na hautaonwa na dresa wa sipitali kwa ajili ya usaha wa ndama wanaouita chanjo. Na wanao je? Nao vilevile, ukasema, hawatadungwa maradhi wakiwa wazima.

Kwa hiyo huku hutaki bakuli na huku hutaki sindano. Watu barazani walishindwa kukuweka upande. Waliozoea kubishana walikuwa na pande mbili tu, wa Maalim na wa Bwana Afya, na wewe ulisimama katikati na mwiko mkononi.

Mimi nilijua sababu, maana nilikuwa nimekuuliza. Nilikuuliza kwa hasira, nikitaka kwenda kuwaona wenzangu. Ukaacha kukuna nazi. Ukaniambia habari za Athumani, kakangu niliyemkuta amekwisha kufa. Alikuwa na miaka sita, ndui ya zamani ile, chuo kikafungwa kikafunguliwa, na wewe ulikuwa mama kijana uliyeona haya kuwa wa mwisho kumrudisha mtoto. Ukamrudisha siku ya kwanza, na kanzu mpya.

"Mmoja nishamtoa," ukasema. "Sina wa pili wa kutoa."

Nikwambie kweli sasa, kwa kuwa huwezi kunifinya. Neno lile halikunihurumisha. Liliniudhi. Mtaa mzima ulikuita Mama Athumani. Mimi niko hai, natembea, naimba, nina sauti ya kumwamsha bawabu wa Forodhani, na mamangu anaitwa kwa jina la mtu aliyelala makaburini. Hata Rukia alipozaliwa hukuwa Mama Rukia. Nikajisemea, mimi si Athumani. Mimi sifi ovyo.

Siku mbili kabla ya kufunguliwa ulivaa buibui ukaenda kwa Maalim, nami nikakuchukulia sinia ya vitumbua. Ulikaa nyuma ya pazia la mlango wake, mimi kwenye kizingiti, katikati ya watu wawili wasioonana. Mkaamkiana sabalkheri, mkaulizana hali ya nyumba, ya jamaa, ya mguu wa Maalim, ya Baba huko relini, mpaka vitumbua vikapoa. Ndipo ukasema.

"Maalim, kombe sina shaka nalo. Shaka yangu ni midomo."

Alisema maji ya aya hayabebi maradhi. Ukamkubalia. Ukasema hayabebi, ila midomo ndiyo ibebayo, na midomo haikuandikwa aya. Nikaona tasbihi yake imesimama kidoleni. Nilingoja akukemee, na nikwambie nilikuwa nataka akukemee.

"Mama Athumani," akaanza, na hakuendelea. Alikuwa amelisikia jina alilolitaja. Athumani alikuwa mwanafunzi wake. Bakuli lile ndilo lililopita kwake.

Kisha alisema bakuli hawezi kuliacha, watu hawatamwelewa, lakini nyinyi ngojeni. Watoto wako wakija, na waje na kikombe chao, atawamiminia kwa mkono wake, wala hatawauliza neno. Ukamshukuru. Njiani ulitembea kwa mwendo wa mtu aliyeweka mzigo chini. Ulipita kwa mfua bati ukanunua vikombe viwili, na nyumbani ukavitia uzi mwekundu mshikioni, changu na cha Rukia, ukavitundika juu ya mtungi. Tungoje wiki mbili, ukasema. Tuone kwanza nani anakohoa.

Laiti ningeishia hapo ningekuwa mwana mwema.

Jumamosi ile ulikwenda matangani na Khalati Zuwena, ndugu yako, ukaniacha na Rukia. Nilikuwa barazani nikiwatazama wenzangu wakipita na kanzu zilizopigwa pasi. Salimu akasimama mbele yangu, na wenzake nyuma yake.

"Kasimu, mamako amekufunika kama kitumbua," akasema. "Usije ukapoa."

Mama, vitu vingine mtu hawezi kuvivumilia. Nilimpa Rukia kipande cha sukari guru nilichokiiba kwako, nikamwambia anyamaze, nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa, nikaenda. Kikombe chenye uzi mwekundu nilikiona juu ya mtungi. Nilikipita.

Maalim alinitazama sana nilipokaa. Akaniuliza kama nimetumwa na mama. Nikasema, amenipa ruhusa, Maalim. Nilimdanganya mzee yule mbele ya msahafu wake, na alikuwa na macho mabovu na moyo mzuri, akaniamini. Bakuli likaja. Salimu alikunywa funda lake, akanikabidhi akitabasamu. Desturi ni funda moja. Mimi nilipiga matatu, ya mwisho kwa sauti. Watoto wakacheka. Nikajifuta kinywa kwa mkono wa kanzu kama baharia, na nikajiona shujaa wa kisiwa kizima, kuanzia Ngomeni hadi Kilindini.

Nilikuwa nyumbani kabla yako. Kanzu ilikuwa na zafarani mkononi, doa la manjano la upana wa kiganja. Nikaisokomeza chini kabisa ya tenga la nguo chafu, chini ya mashuka. Nikalala usingizi wa haki.

Asubuhi kanzu ilikuwa kambani, imefuliwa, mkono wake mweupe. Umeusugua kwa ndimu, harufu niliisikia. Nikajua nimekamatwa. Lakini uliponiletea chai hukusema kitu. Nikafanya hesabu zangu haraka, nikapata jibu kwamba umedhani ni mchuzi. Mtu aliyesikia aya ikirukwa huku kitumbua kikivuma, mimi nikaamini hawezi kutofautisha zafarani na bizari.

Kisha ukavaa buibui ukatushika mikono, mimi huku na Rukia huku. Nikauliza wapi. Ukasema, kimya, tembea. Tukatembea mpaka sipitali. Wewe, mwenye usaha wa ndama! Nilishangaa, lakini nikaona ni ushindi wangu: umeshindwa na maneno ya watu, wataka turudi chuoni. Kulikuwa na safu ndefu, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa shuka. Dresa alinikwangua mkono, sikulia. Rukia alilia. Mimi nilitoa machozi mawili kwa ajili ya vumbi. Wewe na Khalati Zuwena, ambaye alitukuta huko kana kwamba amepita tu, mlikwenda nyuma ya shuka, mkakawia. Ulitoka ukisema ulikuwa ukitengeneza ukaya kichwani.

Jioni hiyo ndiyo iliyoniharibu kichwa. Sote tulikuwa tukila sinia moja, mikono mitatu. Siku hiyo ukanipakulia sahani, ile ya maua ya buluu ya wageni, ukaiweka chumba cha mbele.

"Kuanzia yeo umeshakuwa mwanamume," ukasema. "Utakula sahani yako, na kulala kitanda cha babako."

Mama, nani angenishika? Baba yuko Voi, kitanda chake ni changu. Nilimwita Rukia mlangoni nimwonyeshe, ukamvuta nyuma, ukamwambia asimsumbue kakake. Nikaona vizuri, adabu imeanza. Nikaanza kuagiza chumvi. Uliniletea chakula ukakiweka kizingitini na kurudi nyuma hatua mbili, nikaona namna unavyoniheshimu. Nilipomaliza uliichukua sahani kwa kitambaa, ukaimwagia maji ya moto, nami nikadhani ndivyo sahani ya mwanamume ioshwavyo. Kikombe changu chenye uzi mwekundu kikaja chumbani kwangu. Na ulipotandika mkeka kizingitini ukalala hapo kila siku, nilimwambia Rukia kwa sauti, kupitia mlango, kwamba mtu mkubwa huwekewa mlinzi.

Siku ya nne Bi Mwanaidi alipiga ukelele. Salimu alikuwa na homa, na baada yake watoto wawili wengine wa chuo. Watu wa Bwana Afya walikuja na machela, wakampeleka ng'ambo kwenye mahema ya karantini. Niliona mkono wake ukining'inia. Chokaa ikapigwa mlangoni kwao. Chuo kikafungwa tena.

Tangu hapo sikuagiza chumvi.

Niliona bakuli likitoka kinywani kwake kuja kwangu kila nilipofumba macho. Kila asubuhi nilijitazama kwenye sinia ya shaba, uso, shingo, viganja. Nilitaka kukwambia. Naapa nilitaka. Nilikuita mara ngapi, ukaja mpaka kizingitini, ukaniuliza, "Umeshiba, baba?" nami nikasema nimeshiba. Na nilimkataza Rukia asije karibu, kwa ukali, nikijifanya ni ukubwa. Hilo ndilo jema pekee nililolifanya kwa akili yangu mwenyewe, ingawa nimejua juzi kwamba ulikwisha kulifanya kabla yangu.

Alasiri moja, wiki ikiwa imepita, mwili wangu ukawa moto. Nikageukia ukutani nikasoma shahada. Wewe hukusimama kizingitini siku hiyo. Uliingia moja kwa moja, ukakaa kitandani, ukakiweka kichwa changu mapajani pako, ukanipangusa kwa maji. Ulinifunua mkono, ukatazama pale nilipochanjwa palipokuwa pamevimba na kutunga, ukashusha pumzi ndefu sana. Ukasema ni homa ya chanjo tu, itakwisha. Nilikuwa nikitetemeka, lakini niliona unanipangusa kwa mkono mmoja, wa kushoto umeukunja kama bawa. Nikakuuliza. Ukasema umeungua na mafuta.

Hata hapo sikuweza kujizuia. Nikasema, bingwa wa vitumbua wa Mji wa Kale kaunguzwa na kitumbua, sasa watu watakula kwa nani? Ukacheka, Mama. Ulicheka mpaka ukajishika ubavu, mpaka machozi yakakutoka, na hukuacha upesi. Nilijiona mcheshi kweli. Miaka minne nimejisifia mzaha ule.

Homa ikatoka. Siku zikapita, ulizokuwa ukizihesabu wewe kwa vidole vyako na mimi kwa vyangu, kila mtu upande wake wa mlango. Kisha mchana mmoja ukaniita uani, sinia ipo chini, Rukia amekaa. Sahani ya maua haikuwapo. Nikanung'unika kwamba nimeshushwa cheo.

"Uanaume utarudi, baba," ukasema. "Kula."

Salimu alirudi. Uso wake umetobolewa kama chujio, lakini alirudi, na ulimi wake haukupata hata kovu. Mmoja wa wale wawili hakurudi. Na chuo kilipofunguliwa mara ya tatu, Maalim alipita nyumba hadi nyumba kwa miguu yake mibovu, akiwaambia wazazi kila mtoto aje na kikombe chake. Akapigilia misumari ukutani, safu mbili. Bakuli la shaba akalitia kitambaa, likawa la kumiminia tu. Bi Mwanaidi alikuja dirishani akakuomba uzi, ukamkatia ule ule mwekundu. Siku hizi husema rai ile ilikuwa ya Maalim. Mimi niliwaambia watoto ilikuwa yangu. Leo naandika ijulikane: ilikuwa ya mama muuza vitumbua ambaye hakuweza kuandika alifu.

Mimi chuo nilikiacha baada ya mwaka, juzuu ya kumi na moja, nikafuata leso. Hukunigombeza. Ulisema tu kwamba kikombe changu utakiacha msumarini.

Sasa habari ya juzi. Watu walipokwisha kuondoka arubainini, Khalati Zuwena aliniita ghorofani. Alisema siku ile walipokuwa wakikuosha, aliponyanyua mkono wako wa kushoto, alishindwa kuendelea, ikabidi mwenzake ampokee. Karibu na bega kulikuwa na alama, duara, kama niliyo nayo mimi na Rukia. Nikamwambia hapana, Khalati, hiyo ni ya mafuta. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuzoea kutazamwa nayo.

Akanieleza. Jumamosi ile ile ulipotoka matangani ulifika nyumbani ukakuta Rukia ana sukari guru mdomoni na uso wa mtu aliyeapishwa. Hukumwuliza. Ulikwenda moja kwa moja kwenye tenga la nguo. Ukarudi kwa Khalati na kanzu ndani ya buibui, ukamwambia, mwanangu amekunywa, kesho nawapeleka. Na mkono wangu nitautoa, ukasema, maana akishikwa ni nani atakayemwuguza? Khalati akakwambia basi mpige, mwambie unajua. Nimemwomba ayarudie maneno yako mara tatu, ili niyaandike kama yalivyo.

"Sitamwambia. Mtoto mwenye hofu huficha homa. Nataka akiumwa aniite."

Tangu juzi nalala, naamka, nayaona yote upya. Sahani. Kitanda. Hatua mbili nyuma, siku za kwanza, kabla chanjo yako haijashika. Mkeka kizingitini, ili nisitoke kwa Rukia na Rukia asiingie kwangu. Kiburi chako kilichosikika uchochoro mzima, ulichokipeleka nyuma ya shuka ukakiacha huko, usimwambie mtu. Ungalijisifu ungalistahili. Mimi ningalipiga zumari.

Na nimeelewa jambo jingine, ambalo barazani hawakulielewa. Hukukataa chuo. Wengine walitaka tu kifunguliwe, wengine walitaka kifungwe, nawe ulikuwa umenunua vikombe. Ulitaka turudi tukiwa wazima, na tuwe wazima tukiwa tumesoma, na hakuna aliyekuuliza hayo mawili utayashikaje kwa mikono miwili, mmoja umevimba.

Siku ya maziko mimi ndiye niliyeingia kaburini pamoja na Baba kukupokea. Nilisimama upande wako wa kushoto. Nilikushika karibu na bega, juu ya sanda, pale pale, na sikujua ninachokishika. Nilikuwa nikiwaza nisiteleze, watu wananitazama.

Jana nilikwenda chuoni kumwamkia Maalim. Nilimwambia nilimdanganya. Hakukumbuka, au alisema hakumbuki. Kikombe kipo msumarini, uzi umefifia umekuwa waridi. Aliniuliza kama nimekuja kukichukua. Nikasema hapana, nimekuja kuuliza saa za jioni anasomesha nani. Akacheka, akasema juzuu ya kumi na moja bado iko pale nilipoiacha, haikuendelea yenyewe.

Usiku mwema huko uliko, Mama, na mchana mwema pia. Rukia hajambo, anasoma, anagonga kijiti nikikosea, sijui amejifunza wapi. Nilikunywa, Mama. Mafunda matatu. Nimekwambia sasa, na najua ulijua.

Ni mimi,
mwanao wa pili, ambaye hukumtoa.